Binti yangu aliniuliza kama Yesu naye aliumwa na mifupa

BARUA

Mama, hujambo. Natumai barua hii itakufikia ukiwa salama huko Nakuru.

Mimi niko Nyalenda, Kisumu. Nina miaka 34. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mimi huuza samaki: omena mchana, na jioni hukaanga mgongo wazi kando ya barabara. Kwa wasioujua, mgongo wazi ni ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa ikauzwe ng'ambo. Sisi wa huku hula kilichobaki, na ni kitamu.

Tulijaliwa watoto watatu. Wa kwanza, mvulana, alitutoka akiwa na mwaka mmoja na nusu. Tuliambiwa malaria imemmaliza damu, tukazika, tukanyamaza. Wa pili ni msichana, sasa ana miaka minane. Alipokuwa na miezi saba vidole vya mikono na miguu vilimvimba, ukimgusa tu analia. Akapimwa damu, tukaambiwa ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Siku hiyo nilijua pia kilichomchukua kakake, ingawa hakuna aliyenitamkia. Wa tatu yuko sawa.

Maumivu yakimshika huanzia magotini yakapanda mgongoni. Hulia mpaka sauti inakauka, halafu anabaki kufungua mdomo tu. Mama, umewahi kumwona mtoto analia bila sauti?

Kanisa letu ni dogo, la mabati, la Kipentekoste, na nisiseme uongo, nalipenda. Mwanangu wa kwanza alipokufa, wanawake wa pale ndio walionichangia jeneza wakalala kwangu wiki nzima. Huu ni mwaka wa sita nafundisha watoto wa Sande skuli hapo. Lakini mwezi wa nane mchungaji alihubiri juu ya uponyaji, akasema anayemeza dawa kila siku anakiri kila siku kwamba yeye ni mgonjwa. Baada ya ibada akaniita kando, akaniambia nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, na niweke dawa pembeni siku 21. Nikatuma elfu tatu kwa M-Pesa, pesa ya kununulia samaki. Kapsuli za haidroksiyurea nikazifungia sandukuni pamoja na tembe za foliki. Mume wangu sikumwambia.

Siku ya 19, saa saba usiku, aliamka akipiga mayowe. Tulipanda bodaboda, mtoto katikati yetu, mpaka hospitali ya Russia. Alilazwa siku tisa, akaongezwa damu. Mchungaji alinitumia ujumbe kwamba zilibaki siku mbili tu, na mimi nikavunja agano.

Mama mkwe wangu ni Mkatoliki, anaishi Ahero. Alikuja na uji kwenye thamosi akanikuta nimekaa ngazini nalia. Akaniambia, "Nyara, binti yangu, kila mtu na msalaba wake. Ubebe, unyamaze." Shemeji zangu wao husema damu mbaya ilitoka kwetu.

Usiku mmoja pale wadini mtoto aliniuliza, "Mama, Yesu naye aliumwa na mifupa?" Nikamwambia alale. Sikuwa na jibu.

Sasa Krismasi inakuja. Nimepewa somo la watoto, na mstari wa kukariri ni Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Nimeufundisha miaka yote. Mwaka huu hautoki kooni. Mungu alichukua mwili, sawa. Alichukua mwili mzima, wa mwanamume mwenye nguvu, akaumia siku moja, siku ya tatu akafufuka. Mwanangu anaumia tangu akiwa na miezi saba. Huo mwili wake unanisaidia nini mimi?

Niendelee kufundisha kitu nisichokiamini? Nihame kanisa? Au imani yangu imekufa na sasa niseme tu ukweli niache?

Mama wa Nyalenda


JIBU

Mwanangu, kabla ya Yohana, kapsuli.

Umenieleza zilivyofungiwa sandukuni, hukuniambia kama zilitolewa. Kama bado zimo, iweke barua hii chini, mpigie nesi wa kliniki yake leo, umweleze kila kitu pamoja na zile siku 19. Hutakuwa mama wa kwanza kumwambia hayo, na hatakushangaa. Haidroksiyurea ni dawa ya kila siku. Hupunguza mara ambazo maumivu yanakuja, na hutolewa kwa kipimo kinachofuata vipimo vya damu, ndiyo maana nataka uongee naye kabla ya kuirudisha kwa kukisia. Foliki pia. Chandarua kila usiku, kwa sababu nyinyi mko kandokando ya ziwa na malaria kwa mtoto kama huyu ni jambo lingine kabisa. Maji anywe siku nzima, baridi isimkute bila sweta. Akipata homa ni hospitali mara moja. Maombi mtafanya juu ya bodaboda, Mungu hana shida na kelele za injini.

Nakuomba pia umwambie mume wako kuhusu siku zile. Atakasirika. Mwambie hivyo hivyo.

Na hao shemeji zako nao wasomewe kipande hiki kwa sauti. Sikoseli haitoki kwa mama peke yake. Haiwezekani. Aina aliyo nayo mtoto wako huja pale anapopokea chembe ya urithi ya sikoseli kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Mwenye moja tu kwa kawaida huishi maisha yake yote bila kuugua na bila kujua. Wawili kama hao wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, nafasi mbili kati ya nne za kuleta mtoto mzima anayebeba moja kama wazazi wake, na nafasi moja ya mtoto asiye nayo kabisa. Ni kila mimba upya, si kwa zamu. Kwa hivyo nusu ya hiyo mnayoiita damu mbaya ilitoka boma la hao hao shemeji, na huenda wengine wao wanayo na wataipitisha kwa watoto wao. Waende wapimwe badala ya kuongea. Tena si damu mbaya. Iko tele Nyanza na Magharibi kwa sababu mtu mwenye chembe moja malaria kali haimwangushi kirahisi, ndiyo maana wazee wenu wengi walioibeba walipona mbu wakazaa. Ilikuwa ngao. Inaumiza tu zinapokutana mbili. Laana haina hesabu nzuri namna hiyo.

Na swali hilo ni la zamani. Wanafunzi walimwona kipofu wakamuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Akawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Yohana sura ya 9. Hukuhitaji kungoja maabara.

Sasa nije kwa mstari wako.

Umeniandikia kana kwamba mafundisho ya Neno kufanyika mwili ndiyo yaliyokuangusha, halafu mchungaji na mama mkwe ni habari nyingine. Mimi nimesoma barua yako mara tatu na naona kinyume. Waliokuumiza wote wawili ni watu waliousahau mstari huo, kila mmoja kwa upande wake.

Nianze na mchungaji. Sikuandikii umchukie, maana kanisa lake ndilo lililokuzikia mtoto, na hilo usilifute. Lakini alichokufundisha mwezi wa nane kina ukoo mrefu, na si ukoo mzuri. Tangu mwanzo kabisa palikuwa na Wakristo walioona aibu kwamba Mwana wa Mungu alikuwa na nyama na damu. Wakasema mwili wake ulionekana tu, kama kivuli, kwamba hakuumia kweli. Walionekana watu wa kiroho sana. Kanisa liliwakatalia. Waraka wa kwanza wa Yohana unaweka kipimo cheupe: roho inayokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili, hiyo yatokana na Mungu. Katika karne ya nne Gregory wa Nazianzus akaliweka kwa namna ambayo mimi nimeibandika mlangoni mwa kabati langu la jikoni, kwamba kile ambacho Kristo hakukitwaa hakikuponywa. Alitwaa mwili, basi mwili una maana kwake, pamoja na damu yake na uboho wake na mafigo. Mtu akikuambia mwili wa mtoto wako ni mahali pa kupimia imani yako tu, na kwamba kapsuli inamtukana Mungu, huyo anaongea juu ya mwili kama wale wa zamani, hata kama anapiga kelele za Pentekoste.

Biblia yenyewe haina aibu na dawa. Isaya aliagiza tini zipondwe ziwekwe juu ya jipu la Mfalme Hezekia. Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, na hakumwambia apande mbegu. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Paulo huyo huyo ambaye leso zilizogusa mwili wake ziliponya watu! Na aliyesafiri naye alikuwa Luka, "yule tabibu mpendwa". Ukipenda, mwandikie mchungaji mistari hiyo kwenye karatasi moja, bila ukali.

Halafu kuna Gethsemane. Waebrania 5:7 inasema kwamba Yesu "siku hizo za mwili wake" aliomba "pamoja na kulia sana na machozi", na kwamba alisikilizwa. Alisikilizwa, na kikombe akakinywa. Kwa hesabu ya siku 21, ilibidi tuseme Yesu alivunja agano. Mimi sitasema hivyo juu yake, na kwa sababu hiyo siruhusu mtu aseme hivyo juu yako.

Elfu tatu usiidai, itakuchosha. Usitume nyingine.

Mama mkwe wako ni mtu wa namna tofauti na namhurumia zaidi, kwa sababu alikuja na uji. Mtu anayetoka Ahero na thamosi amefanya nusu ya kazi kabla ya kufungua mdomo. Kosa lilikuwa neno moja tu, "unyamaze". Msalaba ubebe, ndiyo. Kunyamaza ameutoa wapi? Watu husema subira ya Ayubu kana kwamba Ayubu alikaa kimya. Alikaa kimya siku saba, yeye na rafiki zake, na hapo ndipo rafiki zake walifanya vizuri kuliko siku zote. Kuanzia sura ya 3 alifungua kinywa akailaani siku aliyozaliwa, akamshitaki Mungu mbele ya Mungu, sura baada ya sura. Na mwishoni, 42:7, Mungu anawakasirikia wale rafiki wenye majibu safi, anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wake Ayubu. Mtu mwenye subira katika Maandiko ni huyo, mwenye kelele. Kuvumilia ni kubaki mahali pako mbele za Mungu, hata kama unabaki ukipiga kelele.

Mama mkwe huyo huyo kila Jumapili anatamka maneno ambayo yangekufaa kuliko aliyokuambia ngazini. Katika Kanuni ya Imani, ile iliyotoka Nikea mwaka 325 na kukamilishwa baadaye, Wakatoliki wakifika "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu kwake yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu", wote huinama. Siku mbili kwa mwaka hupiga magoti kabisa: Krismasi, na tarehe 25 Machi. Kwa nini Machi? Hesabu miezi tisa mpaka Desemba. Kanisa linasema Mungu alianza kuwa mwanadamu tumboni, siku ile mama alipopata habari kwamba ana mimba, si siku ya hori na nyota. Wewe umebeba mimba tatu, unajua siku hizo za kwanza zilivyo, mtu haonekani kitu.

Ndiyo maana sikubali ile "siku moja" yako. Naielewa, lakini sikubali. Wazazi wake walipompeleka hekaluni walitoa ndege wawili, sadaka ya wasioweza kununua mwana-kondoo. Alibebwa usiku kukimbilia Misri. Alianza kuhubiri akiwa na miaka kama thelathini, na karibu miaka yote ya kabla ya hapo hatuna habari yake zaidi ya kwamba alikuwa seremala wa Nazareti, kijiji kisicho na sifa. Fikiria huo muda wote wa mbao na vumbi, bila muujiza wowote. Alichoka akakaa kisimani Sikari mchana. Alilala chomboni dhoruba ikivuma, watu wakamwamsha wakimuuliza kama hajali wanaangamia, swali lako lile lile. Alilia njiani kwenda kaburini kwa rafiki yake. Na alipofufuka, ule mwili uliofufuka ulikuwa bado na alama za misumari, Tomaso aliambiwa aweke kidole. Hakuuacha mwili nyuma kama nguo ya kazi.

Lakini una haki mahali pamoja. Injili hazisemi mahali popote kwamba Yesu aliugua, na sikoseli hakuwa nayo. Nisingemwambia mtoto uongo huo. Anayesema Mungu alipitia kila ugonjwa mmoja mmoja anataka kukufunga mdomo kwa upole. Na kwa nini Mungu hajamponya binti yako, silijibu hilo. Mtu akikujibu haraka, mwogope kidogo.

Nikueleze jinsi mstari huo ulivyoingia kwangu. Palipoandikwa "akakaa kwetu", neno la Kigiriki ni la kupiga hema: alipiga hema katikati yetu. Sisi wa Nakuru tunajua hema. Mapema mwaka 2008, baada ya ule uchaguzi, uwanja wa maonyesho hapa ulijaa wakimbizi wa ndani, familia kwa familia kwenye turubai. Mimi nilikuwa miongoni mwa akina mama wa kanisa tuliopeleka blanketi, unga na sabuni. Tuliomba nao, tukaimba, na jioni tukapanda matatu tukarudi nyumbani kwetu kwenye paa la bati. Usiku mmoja ilinyesha mvua kubwa, ile ya Nakuru inayoshuka kama imeagizwa kutoka Menengai. Nililala nikisikia bati likipigwa nikajua kwamba kule wamelowa, na mimi sijalowa. Kesho yake tulirudi na blanketi nyingine. Mzee mmoja alitushukuru kwa adabu sana, adabu ambayo mtu humpa mgeni. Kisha nikamwona anamwita mwalimu mmoja aliyekuwa akilala humo humo, naye amefukuzwa kwao, magauni yake yakikamuka maji, akamlilia kama mtoto. Mimi sikulia naye, hakuweza kunililia mimi. Nilikuwa mtu wa blanketi.

Miaka kumi na zaidi nilikuwa nimekariri Yohana 1:14 na sikuwa nimeielewa hadi asubuhi ile kwenye tope. Mungu angeweza kuwa mtu wa blanketi, angetutumia vitu, na tungemshukuru kwa adabu. Ujumbe wa Krismasi ni kwamba alilala humo na mvua ikamnyeshea. Mvua haikukoma kwa sababu yake, na sikudanganyi kwamba ilikoma. Ila ukimlilia unamlilia aliyelowa.

Kama hilo halikusaidii leo, sitakulazimisha. Mimi mwenyewe kuna miezi halinisaidii. Marehemu mume wangu alisafishwa damu kwa mashine miaka mitatu, na katika miaka hiyo kilichonifikisha jioni hakikuwa mstari wowote bali jirani mmoja wa Section 58 aliyekuwa akiingia kila Jumanne, anachukua beseni la nguo, anaondoka. Hakuwahi kunihubiria. Wale wanawake wako waliolala kwako wiki nzima ni wa ukoo wake. Umeniuliza kama imani yako imekufa. Yule mwenye kupooza alishushwa kupitia darini na watu wanne, na Marko anasema Yesu "alipoiona imani yao". Imani yao, ya waliobeba. Yule aliyelala kwenye godoro hatuambiwi alikuwa anaamini nini saa ile. Waache wanawake hao wakubebe mwaka huu. Waambie habari za sanduku pia, maana nina hakika si wewe peke yako uliyefungia dawa.

Kuhusu kuhama: usihame kwa hasira na usibaki kwa woga. Nenda kwa mchungaji ukiwa na mume wako, si peke yako, umwambie mtoto wenu atameza dawa kila siku na mnaomba aombewe akiwa anameza. Akikubali, baki. Akiwaambia tena muweke dawa pembeni, ondokeni siku hiyo hiyo, kwa sababu hapo si suala la mafundisho tena, ni uhai wa mtoto. Mtahuzunika. Wale wanawake mtaendelea kuwa nao, Nyalenda si kubwa.

Na somo la Krismasi lifundishe. Sikuambii ujifanye. Wewe ndiye mwalimu pekee hapo mwenye swali la kweli juu ya mstari huo, wengine watawaletea watoto hori la karatasi na kondoo wa pamba. Waulize: Mungu akiwa mtoto mchanga, alikuwa akilia usiku? Nani alimwosha? Alichubuka goti? Watakujibu vizuri kuliko maaskofu.

Binti yako lakini umjibu kabla ya siku hiyo, nyumbani, wakati haumwi. Mwambie Biblia haisemi kama Yesu alikuwa na ugonjwa wake. Halafu ufungue Zaburi ya 22. Pale msalabani Yesu alipolia "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" alikuwa anaitamka zaburi hiyo, ndiyo inavyoanza, naye huenda aliijua yote tangu utotoni kama watoto wako wanavyojua nyimbo zao. Mwache asome mwenyewe mstari wa 14, ana miaka minane, anaweza: "Nimemwagika kama maji, mifupa yangu yote imeteguka." Na unaofuata unasema ulimi umeambatana na taya. Kisha mwonyeshe Yohana 19:28, maneno mawili tu, "Naona kiu." Mtoto wa sikoseli anaelewa maneno hayo kuliko mimi na wewe.

Akishasoma usimweleze. Akiuliza kwa nini Yesu hakupewa maji, mwambie alipewa siki kwenye sifongo, naye akaipokea.

Niandikie Januari baada ya kliniki. Nataka kujua kama mume wako na nduguze walipimwa, na watoto walisema nini kuhusu goti.